Kumtambua kereng'ende bwawani: mwongozo kamili kwa Dodoma na mikoa ya kati

Picha inayoletwa ni ile ile kila mwezi: kereng'ende mwekundu amepigwa kwa juu, mita tatu kutoka kwenye simu, na nyasi za nyuma yake zimetoka safi kuliko yeye. Chini yake swali: "Huyu ni aina gani?" Kwa picha hiyo hakuna mtu anayeweza kumtaja kwa uhakika. Lambo moja la Dodoma baada ya mvua linaweza kuwa na aina nne za wekundu kwa wakati mmoja, na rangi ndiyo inayokosesha watu wengi.

Hapa tunafuata mpangilio tofauti. Tazama mkao kwanza, kisha macho, mabawa, ubavu wa kifua na miguu. Rangi ije mwisho, kuthibitisha tu.

## Vitu vya kubeba

- Simu yenye kamera. Lenzi ndogo ya kubana kwenye simu inasaidia kwa magamba (maganda matupu wanayoyavua wakitoka majini) na kwa waliotulia sana asubuhi, lakini si lazima.
- Darubini ya macho mawili inayoweza kutazama kitu kilicho mita 2 tu kutoka ulipo. Kabla ya kununua, itazame ncha ya kiatu chako ukiwa umesimama. Ikiwa na ukungu, hiyo ni ya ndege na wanyama wa mbali, haitakufaa hapa.
- Kioo cha kukuzia cha mara 10.
- Daftari dogo na penseli. Wino huchuruzika daftari likiloa.
- Rula fupi ya plastiki.
- Gambuti. Usiingie majini miguu mitupu hata kwa dakika moja: konokono wa malambo hubeba kichocho, na vimelea vyake hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda.
- Kofia pana, maji ya kunywa yasiyopungua lita 2, na shati la mikono mirefu.

Wavu hauhitajiki. Anayeanza na wavu huvunja mabawa na miguu ya wadudu wengi kabla hajajifunza kutazama, na ndani ya mapori ya akiba na hifadhi za taifa huruhusiwi kukamata chochote bila kibali.

## Hatua ya 1: Chagua maji na msimu

Mikoa ya kati ina msimu mmoja wa mvua, takribani Desemba hadi Aprili. Miezi mizuri kuliko yote ni Februari hadi Mei: maji yamejaa, majani ya kingo yamekua, na waliotaga mwanzoni mwa mvua wameshatoa kizazi kipya. Kuanzia Juni malambo mengi hupungua na upepo wa mchana huwa mkali. Ukienda Septemba ukakuta ukingo wa tope kavu, usiseme eneo halina kereng'ende. Umefika nje ya msimu wake.

Kila aina ya maji ina wakazi wake, kwa hiyo usiishie mahali pamoja:

Lambo la mifugo. Kingo tupu zilizokanyagwa na ng'ombe. Hapa utapata wanaopenda udongo wazi na mawe.

Bwawa kubwa la kudumu, kama Hombolo au Dabalo. Tafuta upande wenye matete na majani yanayoelea, si upande wa tuta. Mtera nayo ni nzuri, ila ina mamba na viboko. Huko tazama kwa darubini ukiwa mbali na maji, tena uwe na mwenyeji.

Majaruba ya mpunga, kama ya Bahi. Haya ndiyo makao mazuri ya kereng'ende wembamba. Tembea juu ya matuta, usikanyage mpunga wa watu.

Chemchemi na vijito, kama vilivyopo Kondoa. Maji yanayotembea yana aina ambazo hutaziona kamwe kwenye lambo.

Maziwa ya chumvi, kama Singidani na Kindai pale Singida. Aina ni chache zaidi, maana lava (watoto wa kereng'ende, wanaoishi majini) wengi hawavumilii chumvi. Lakini uchache huo unamfaa anayeanza, kwa kuwa hachanganywi na wengi.

Kabla ya kushuka kwenye maji, pita kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, salimia, eleza unachofanya na uonyeshe daftari. Mtu mwenye darubini anayezunguka chanzo cha maji lazima atiliwe shaka, na dakika kumi za heshima hukuokolea asubuhi nzima. Wachungaji nao waulize: ndio wanaojua lambo lipi halikauki.

## Hatua ya 2: Fika saa inayofaa, kisha simama

Kereng'ende huhitaji jua ili misuli ya mabawa ipate joto. Saa nzuri ni kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Kabla ya hapo wengi wamejificha kwenye nyasi. Saa 7 hadi saa 9 joto huwa kali mno. Wengine huingia kivulini, na waliobaki huinua tumbo, yaani ule mkia wao, juu kama mshale kuelekea jua ili mwili upigwe na mwanga kidogo. Huo mkao si alama ya aina. Ni wa kupunguza joto tu.

Ukifika, simama mita 3 kutoka ukingoni kwa dakika kumi nzima. Watu wengi hushindwa hapa. Huanza kuzunguka mara moja, kila kitu kinaruka, kisha wanaandika "wako wengi ila hawatulii". Madume ya bwawani hushika eneo. Dume akiruka kumfukuza mwenzake, mara nyingi hurudi kwenye kijiti kile kile. Ukisimama utaona vijiti vipi vina wenyewe.

Utajua umefanya vizuri ukiweza kuonyesha kwa kidole vituo vitatu ambavyo kereng'ende wamevirudia zaidi ya mara mbili.

## Hatua ya 3: Mnene au mwembamba?

Hili ni swali la kwanza kwa kila mdudu, na usiliruke.

Kereng'ende wanene (Anisoptera) hutua mabawa yakiwa yametandazwa. Macho ni makubwa, na kwa aina nyingi hukutana juu ya kichwa. Mabawa ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele. Huruka kwa nguvu.

Kereng'ende wembamba (Zygoptera) wana macho yaliyoachana, kila moja upande wake kama vichwa viwili vya pini. Mabawa manne yanafanana, na wakitua huyafunga juu ya mgongo. Huruka polepole, chini, katikati ya majani.

Mtego upo mmoja. Wembamba wa jenasi (kundi la aina za karibu) ya *Lestes* hutua mabawa yakiwa nusu wazi, na anayeanza huwaweka kwa wanene. Rudi kwenye macho: yakiwa yameachana na mwili ni mwembamba kama njiti, huyo ni mwembamba. Baadhi ya *Lestes* hupitisha kiangazi chote wakiwa wakubwa, wakikaa vichakani mbali na maji, rangi yao ya udongo ikiwaficha. Kwa hiyo ukimwona mmoja Agosti kwenye mti mkavu, hujakosea.

## Hatua ya 4: Msogelee na umpige picha tatu

Inama hadi kimo cha goti. Kereng'ende huona vizuri sana kitu kinachoingia kutoka juu, kwa sababu ndivyo ndege wanavyomjia. Sogea pale anapogeuza kichwa kutazama kwingine, hatua moja moja, na kivuli chako kisimguse hata kidogo. Kivuli kikimpita, ameondoka. Akiruka, usimfuate. Baki pale pale ukihesabu hadi 60.

Unahitaji picha tatu, kwa mpangilio huu:

1. Ubavuni, simu ikiwa sambamba na mwili. Hii ndiyo picha muhimu kuliko zote, kwani inaonyesha mistari ya kifua, miguu, na kama ni dume.
2. Juu, mabawa yote manne yaonekane hadi kwenye mashina yake.
3. Mbele, uso na macho.

Simu hukamata nyasi za nyuma kwa sababu mwili wa kereng'ende ni mwembamba kuliko eneo la kulenga la kamera. Dawa yake: tanguliza kidole chako kwa umbali ule ule alipo mdudu, gusa skrini juu ya kidole na ushikilie mpaka ulengaji ujifunge, kisha ondoa mkono taratibu na umlenge yeye. Kuza picha mara 2 tu. Ukizidisha, simu nyingi hazikaribishi kitu, zinanyoosha picha hadi alama ndogo zinapotea.

Akishaondoka, pima unene wa kijiti alichokalia au urefu wa jani. Ukiwa nyumbani hicho ndicho kipimo chako cha mwili. Macho hudanganya: mdudu wa sentimita 4 akipita juu ya maji huonekana wa 7.

## Hatua ya 5: Dume, jike, au mchanga?

Anayekosea hapa huhesabu aina moja kama tatu.

Tazama picha ya ubavuni. Tumbo, ambalo wengi huliita mkia, lina pingili 10. Dume ana kinundu chini ya pingili ya 2, karibu na kifua. Jike hana, na tumbo lake mara nyingi ni nene zaidi kwa mbele.

Majike ya aina nyekundu na za bluu kwa kawaida ni ya njano au kahawia. Madume wachanga nao huanza na rangi hizo hizo kabla hawajaiva, na hilo huchukua siku kadhaa. Mdudu mwenye mabawa yanayong'aa kama karatasi ya nailoni na mwili uliopauka ametoka majini muda mfupi tu. Usimshike, mwili bado ni laini.

Bluu ya madume wengi ni unga mwepesi unaotoka juu ya ngozi wakikomaa, kama ule wa kwenye zabibu. Jike anapopandana na dume, miguu yake hukwangua unga huo, hivyo dume mzee huonekana na mabaka meusi kiunoni. Mabaka hayo si alama ya aina.

Jike usiyemjua muache kwanza. Njia rahisi ya kumtaja ni kumkuta ameshikana na dume. Majike huja majini kujamiiana na kutaga, kisha hurudi vichakani kuwinda, hata mita mia kadhaa kutoka bwawani. Kwa hiyo watazame pia njiani ukienda na kurudi.

## Hatua ya 6: Watenganishe wekundu

Hapa ndipo makosa mengi yanapotokea, basi tukae kidogo. Chukua dume mwekundu aliyekomaa na umuulize maswali manne: miguu ina rangi gani, tumbo ni pana au jembamba, shina la mabawa lina rangi kiasi gani, na sehemu ya chini ya macho ikoje.

*Crocothemis erythraea*. Mwekundu mwili mzima, hadi miguu. Tumbo ni pana na bapa, kama limekandamizwa kwa kidole. Shina la bawa la nyuma lina doa la rangi ya asali. Hutua kwenye ncha za majani kando ya maji yaliyotuama. Ukiona mguu mwekundu na tumbo bapa, umeshamkaribia sana.

*Trithemis arteriosa*. Tumbo jembamba, miguu myeusi. Tazama ubavu wa tumbo karibu na ncha: kuna vibaka vyeusi vyenye umbo la kabari. Mishipa ya mabawa ni myekundu, na ukimtazama dhidi ya jua utadhani damu inapita ndani yake. Anapenda maji ya aina nyingi, yakiwemo makorongo yenye vidimbwi vilivyobaki.

*Trithemis kirbyi*. Mabaka makubwa ya rangi ya chungwa kwenye mashina ya mabawa yote manne, ya mbele na ya nyuma. Huyu hutua juu ya jiwe, zege la kivuko au ardhi tupu. Dodoma ina mawe kila mahali, kwa hiyo angalia miamba iliyo karibu na maji kabla hujaangalia majani.

*Sympetrum fonscolombii*. Nusu ya juu ya jicho ni nyekundu, nusu ya chini ni ya bluu ya kijivu. Miguu ni myeusi yenye mstari wa njano. Ni mhamaji.

Yupo pia *Trithemis annulata*, ambaye watu humwita mwekundu kwa mbali. Ukimsogelea unakuta ni wa zambarau kama ua la bougainvillea, macho mekundu na mishipa ya mabawa myekundu.

Umefaulu hatua hii pale unapoweza kusema sababu mbili ambazo hazihusu rangi ya tumbo. Ukiwa nayo moja tu, andika "mwekundu, jenasi haijulikani" na urudi kesho. Rekodi hiyo ni ya thamani kuliko jina la kubahatisha.

## Hatua ya 7: Wengine utakaokutana nao karibu kila mara

Anayekufuata miguuni. Ukitembea kwenye ukingo mtupu, hasa jioni, utaona kundi dogo likizunguka magoti yako, likitua mbele yako, likiinuka tena kila unapopiga hatua. Ni *Brachythemis leucosticta*. Anawinda mbu na wadudu wadogo unaowatimua kwa miguu, na hufuata ng'ombe na mbuzi vivyo hivyo. Dume ni mweusi na kila bawa lina ukanda mpana wa giza. Jike ni wa rangi ya mchanga. Ni mmoja wa wachache wanaotambulika kwa tabia kabla hujainua darubini.

Wa bluu mwenye mstari mweupe. *Orthetrum chrysostigma*: dume wa bluu ya unga, kiuno kimebanwa, na ubavuni mwa kifua kuna mstari mmoja mweupe uliozungushiwa weusi. Bila picha ya ubavu huwezi kumtenganisha na ndugu zake wa bluu.

Mkubwa asiyetua. *Anax imperator*, sentimita 7 hivi, kifua cha kijani, tumbo la bluu lenye mstari mweusi mgongoni. Anapiga doria juu ya maji bila kupumzika. Usimkimbize, simama kwenye njia yake, atarudi.

Mwenye mabawa meusi kama kipepeo. *Palpopleura*, mfupi na mnene. Kuna aina mbili zinazofanana: kwa *P. lucia* weusi wa bawa ni mpana na umejaa, kwa *P. portia* ukingo wake umemegwamegwa. Picha ya juu inatosha.

Wa njano wanaojaa hewani wakati wa mvua. *Pantala flavescens*. Huonekana makundi makubwa juu ya viwanja na mashamba, mbali na maji, wakizunguka bila kutua. Akipumzika huning'inia wima chini ya kijiti. Ni msafiri wa mbali kuliko kereng'ende wote, na lava wake hukomaa kwa wiki sita hivi, ndiyo maana dimbwi la barabarani linamtosha.

Kwa wembamba, anza na wawili. *Ischnura senegalensis* ni mweusi mgongoni na ana alama ya bluu karibu na ncha ya tumbo, kama taa ya nyuma ya pikipiki. Majike wachanga ni wa chungwa, msiwafanye aina nyingine. *Ceriagrion glabrum* ni wa chungwa hadi nyekundu mwili mzima bila michoro, macho ya kijani. Wote wawili wanapatikana kwenye majani ya kingo, kimo cha goti kushuka chini.

## Hatua ya 8: Tafuta magamba

Kereng'ende anayeruka bwawani huenda ametoka kwingine. Ganda tupu kwenye tete ndilo ushahidi kwamba amezaliwa hapo.

Nenda mapema, kabla ya saa 2 asubuhi, ukague mashina ya matete na mawe kuanzia usawa wa maji hadi nusu mita juu. Ganda ni la kahawia, kavu, limeng'ang'ania kwa kucha za miguu yake sita, na limepasuka mgongoni. Ndani ya mpasuko kuna nyuzi nyeupe zinazoning'inia. Hizo ni bitana za mirija aliyokuwa akipumulia. Tumia kioo cha kukuzia: chini ya kichwa utaona mdomo uliokunjwa kama mkono, ambao lava huurusha mbele kukamata viluwiluwi vya mbu.

Ganda la mnene ni pana. La mwembamba ni dogo mno na huwa na vijani vitatu kwenye ncha. Magamba unaweza kuyachukua. Yaweke kwenye kiberiti kitupu pamoja na karatasi yenye tarehe na mahali.

Ukimkuta anayetoka wakati huo huo, kaa mbali naye mita 1 na usiguse shina. Mabawa hutoka yamekunjamana, meupe kama maziwa, na huhitaji saa moja hadi tatu kunyooka na kukauka. Akianguka kabla ya hapo, yatakauka yamepinda na hataruka tena.

## Hatua ya 9: Andika, kisha linganisha

Kwa kila ziara andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, jina la maji na kijiji, hali ya jua na upepo, kiwango cha maji, na aina ulizoziona. Pima mita 100 za ukingo na uzitembee kwa dakika 30, kila mara mita zile zile. Kwa kila aina andika idadi kubwa uliyoiona *kwa wakati mmoja*. Ukijumlisha kila anayepita, dume mmoja anayezunguka atahesabiwa mara ishirini.

Ukitumia iNaturalist, programu ya kurekodi viumbe kwa picha, pakia picha zote tatu kwenye rekodi moja, si rekodi tatu. Majina inayopendekeza yachukue kwa tahadhari. Mara nyingi huleta ndugu wa Ulaya au Asia kwa sababu picha zao ni nyingi zaidi. Fungua ramani ya aina iliyopendekezwa: kama hakuna nukta Afrika Mashariki, ishia kwenye jenasi.

Rudi mahali pale pale kila wiki mbili kuanzia Januari hadi Juni, hata siku unayohisi hutaona kipya. Ukiona ukurasa wa Februari una *Pantala* tele, na wa Mei umejaa *Brachythemis* kwenye ukingo ulioachwa wazi na maji yanayopungua, andika pia kiwango cha maji kimeshuka hatua ngapi. Chomeka kijiti chenye alama mwanzoni mwa msimu ili upime, na umweleze mchungaji ni cha nini asije akaking'oa.